Namna ya Kumtazama Katharine Hepburn Kupitia Marafiki Zake wa Kazini

Katika filamu ya Adam's Rib, iliyotoka mwaka 1949, kuna onyesho ambalo wakili, anayeigizwa na Katharine Hepburn, anamhoji mwanamke aliyemfyatulia risasi mumewe. Mwanamke huyo anaigizwa na Judy Holliday, ambaye wakati huo alikuwa na jina katika majukwaa ya New York lakini Hollywood ilikuwa bado haijamwamini. Kamera inatulia kwa dakika kadhaa bila kukatizwa, nayo imemwelekea Holliday. Hepburn, ambaye jina lake ndilo lililowaleta watu kwenye sinema, ameketi pembeni akiuliza maswali mafupi. Mpango huo ulisukwa kwa makusudi. Hepburn, mwongozaji George Cukor na mwandishi Garson Kanin walikuwa wamekubaliana kuitumia filamu hiyo kumwonyesha Harry Cohn, mkuu wa studio ya Columbia, kwamba Holliday alistahili kuigiza katika filamu ya Born Yesterday, mchezo ambao tayari alikuwa ameucheza jukwaani na kusifiwa sana, ilhali Cohn alikuwa akimkataa. Cohn alilegea, Holliday akapewa nafasi hiyo, na kwa kazi hiyo akatwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Nimeanza na onyesho hilo kwa sababu ndani yake mna mbinu nzima ninayotaka kuieleza. Anayempenda nyota wa filamu za zamani hukutana na habari nyingi za urafiki: picha za waigizaji wakicheka wakati wa mapumziko, masimulizi ya chakula cha pamoja, barua za pongezi. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitengenezwa na idara za matangazo za studio, ambazo ziliajiri wapiga picha na waandishi ili magazeti yasikose kitu cha kuchapisha kila wiki. Kwa hiyo mpenzi wa filamu anahitaji kipimo. Kipimo changu ni kuuliza urafiki huo ulimgharimu nani nini: nafasi mbele ya kamera, fedha, muda, au afya. Penye gharama, mara nyingi utaukuta urafiki wenyewe umenaswa kwenye filamu, na huhitaji kuambiwa na gazeti.

Kabla ya kuwasha runinga, andaa daftari na uandike mambo machache ya msingi. Hepburn alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 12 Mei 1907, akafariki huko huko Connecticut tarehe 29 Juni 2003. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura na wa uzazi wa mpango, jambo linaloeleza kwa kiasi fulani kwa nini binti huyo alivaa suruali pale studio zilipotaka avae gauni. Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, ilitoka mwaka 1932. Aliteuliwa kuwania Oscar mara 12 na akashinda mara 4, rekodi ya waigizaji kwa tuzo za nafasi kuu, wala hakuwahi kwenda kupokea hata moja kwa mkono wake. Andika pia kwamba kwa miaka mingi alikuwa akitaja tarehe 8 Novemba kuwa siku yake ya kuzaliwa. Hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake Tom, aliyefariki mwaka 1921 wangali vijana. Nalitaja hili mapema ili uzoee tangu mwanzo kwamba hata maneno ya nyota mwenyewe kuhusu maisha yake yanahitaji kusomwa kwa huruma na kwa uangalifu kwa pamoja.

Hatua inayofuata ni kuzipanga filamu, na hapa nashauri usifuate miaka. Zipange kufuatana na mtu aliyefanya naye kazi. Ukifanya hivyo utapata mafungu yanayoeleweka: filamu 4 alizocheza na Cary Grant, filamu 9 alizocheza na Spencer Tracy, kazi 10 alizoongozwa na Cukor, mbili za mwisho zikiwa za televisheni, kisha filamu moja moja ambazo urafiki wake ulizaliwa na kukomaa katika safari moja. Mpangilio huu hukuwezesha kuona jambo ambalo orodha ya miaka hulificha, yaani jinsi mwigizaji anavyobadilika kadiri anavyomzoea mwenzake.

Ningemshauri anayeanza aanze na Cary Grant, kwa sababu filamu hizo ni nyepesi na zinachekesha hata kwa mtu asiyezoea picha za rangi nyeusi na nyeupe. Ipo Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ambayo ndani yake kuna chui aliyefunzwa. Hepburn hakumwogopa, Grant alimwogopa sana, na Hepburn alisimulia kwamba siku moja alimdondoshea mwenzake chui wa kitambaa kupitia tundu la juu la chumba chake cha kuvalia. Kisa hicho kinafurahisha, lakini kwa kipimo chetu ni utani tu. Kilicho na uzito zaidi ni kwamba Hepburn hakuwa na uzoefu wa vichekesho vya aina ile. Mwongozaji Howard Hawks alimletea mchekeshaji mkongwe Walter Catlett amfundishe, na Hepburn alipoona faida yake aliomba Catlett apewe nafasi ndani ya filamu hiyo hiyo. Mtafute: ndiye yule askari polisi wa kijijini anayechanganyikiwa kila anapohoji watu.

Kisha tazama Holiday, ya mwaka huo huo. Grant alikuwa amekulia katika kikundi cha wanasarakasi, na katika onyesho la chumba cha michezo Hepburn anapanda mabegani mwake, wanasimama hivyo, halafu wanaanguka mbele na kubiringika pamoja. Rudisha nyuma uangalie tena miguu na mikono yao, si nyuso. Mwili hauwezi kuigiza imani kwa namna sura inavyoweza. Mtu asiyemwamini aliye chini yake hukakamaa, naye Hepburn hakakamai hata kidogo. Mwaka huo wenyewe ndio ambao chama cha wamiliki wa sinema kilichapisha tangazo likimtaja kuwa miongoni mwa nyota waliokuwa sumu kwa mauzo ya tiketi. Ukikumbuka hilo, mbiringiko ule unaonekana tofauti.

Kuhusu Cukor nitasema kidogo, kwa kuwa kazi yake huonekana zaidi kwa kulinganisha kuliko kwa kuelezwa. Chagua A Bill of Divorcement na The Philadelphia Story ya mwaka 1940, uzitazame kwa siku mbili zinazofuatana. Katika ile ya kwanza utamwona msichana mwenye kipaji ambaye hajui auweke wapi mkono wake. Katika ya pili, mwanamke anayejua kwamba kejeli za mchezo mzima zinamlenga yeye, naye anazipokea. Ni Hepburn mwenyewe aliyemtaka Cukor aongoze filamu hiyo, na aliweza kutaka hivyo kwa sababu tajiri Howard Hughes alikuwa amemnunulia haki za kuutengeneza mchezo huo wa jukwaani kuwa filamu, zikawa ndizo silaha yake alipokwenda kujadiliana na studio ya MGM.

Sasa tufike kwenye filamu ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuitazama. The African Queen, iliyotoka mwaka 1951, inasimulia habari za mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Meli ya kivita ya Wajerumani inayowindwa ndani yake inafanana na meli halisi ya Graf von Götzen, iliyotengenezwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli mpaka Kigoma na kuunganishwa huko. Baada ya kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuopolewa miaka ya 1920, ndiyo iliyokuja kuitwa MV Liemba, meli ambayo vizazi vingi vya wasafiri wa Ziwa Tanganyika wameipanda. Filamu yenyewe haikupigwa Tanganyika. Kundi lilikwenda kwanza katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, si mbali na mji ulioitwa Ponthierville ambao leo ni Ubundu, na baadaye likahamia Uganda, pande za Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison.

Unapoitazama kwa mara ya kwanza, ifurahie tu. Mara ya pili, kaa na daftari na ugawe maonyesho katika makundi mawili: yaliyopigwa Afrika na yaliyopigwa Uingereza. Maonyesho yote ambayo Hepburn na Humphrey Bogart wamo ndani ya maji yalipigwa katika tangi la studio karibu na London, kwa kuwa maji ya mito ile yalikuwa na maradhi. Ukishazoea tofauti ya mwanga, utajua ni wapi waigizaji wanaigiza joto na ni wapi wanaunguzwa nalo kweli. Huo ndio ufunguo wa kuuelewa urafiki uliozaliwa huko, kwa sababu urafiki huo ulikuwa wa watu waliougua na kuchoka pamoja.

Mwongozaji John Huston na Bogart walikunywa wiski kwa wingi. Hepburn, aliyekuwa na miaka 44 wakati huo, hakupendezwa na tabia hiyo, akaamua kunywa maji tu, tena mbele yao, kama mtu anayetoa somo la maadili. Maji hayo yakamwangusha kwa ugonjwa wa kuhara damu, na wale wawili wakabaki wazima. Tazama onyesho la mwanzo la kanisani, ambapo anapiga kinanda katikati ya waumini: aliposimulia siku hizo baadaye, alieleza kwamba ndoo iliwekwa karibu, nje ya upeo wa kamera, kwa ajili ya kutapika kati ya upigaji picha mmoja na mwingine. Hakuna anayeweza kugundua jambo hilo kwa kuitazama sura yake, isipokuwa labda weupe wake, nao ulimfaa mhusika.

Katika kambi hiyo alikuwepo pia Lauren Bacall, mke wa Bogart, mwenye miaka 26, ambaye hakuwa na nafasi yoyote katika filamu. Alikuwa amemwacha nyumbani mtoto wao mdogo ili amfuate mumewe. Wakati wengine wakiugua, Bacall alishughulikia chakula na kuwauguza wagonjwa. Hapa kipimo cha gharama kinafanya kazi vizuri kabisa: mwanamke ambaye studio haikumlipa senti, wala kamera haikumwelekea, ndiye aliyetoka safarini akiwa rafiki wa Hepburn kwa maisha yote. Hutamwona ndani ya filamu hata mara moja, lakini nadhani anayejua kwamba alikuwa pale, nyuma ya kamera, huitazama filamu hiyo kwa utulivu wa aina nyingine.

Huston naye alitoa mchango ambao unaweza kuuona kwa macho. Katika siku za mwanzo Hepburn alimwigiza Rose, mhusika wake ambaye ni mmisionari, kwa uso uliokunjamana. Huston akamwendea kibandani kwake na kumshauri amkumbuke Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alipokuwa akiwatembelea askari waliojeruhiwa hospitalini huku amevaa tabasamu la kijamii usoni. Hepburn aliuhesabu ushauri huo kuwa bora kuliko mwongozo wote aliowahi kupewa. Tafuta tabasamu hilo: huanza kwenye midomo, halifiki machoni, na linapofika machoni katikati ya filamu ndipo unapofahamu kwamba Rose ameanza kumpenda nahodha mlevi anayeigizwa na Bogart.

Liko jambo jingine ambalo mpenzi wa filamu anayeishi upande huu wa dunia hawezi kulipita. Wanakijiji wanaoonekana mwanzoni, ambao kijiji chao kinachomwa na askari wa Wajerumani, hawapewi majina, na baada ya nyumba zao kuteketea filamu haiwakumbuki tena. Wenyeji wa Kongo na Uganda waliobeba mizigo na kujenga kambi nao hawakuwekwa katika orodha ya urafiki inayosimuliwa na vitabu. Kumpenda Hepburn hakukuzuii kuliona hilo. Lione, uliandike daftarini, kisha uendelee kutazama.

Baada ya filamu, nenda kwenye ushahidi wa maandishi. Safari ya Kongo ina bahati ya kuwa na mashahidi watatu walioandika kila mmoja kwa wakati wake: Bacall alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1978, Huston mwaka 1980, na Hepburn akatoa kitabu kizima kuhusu safari hiyo mwaka 1987, miaka 36 baada ya tukio. Visome bila kudhani kwamba mmoja ni mkweli na wengine ni waongo. Yale ambayo wote watatu wanakubaliana yashike kwa nguvu. Yale ambayo msimulizi anajicheka mwenyewe yaamini kuliko yale anayojisifu. Hepburn anapojikebehi kwa habari za maji yake ya kunywa, hana faida anayoitafuta.

Jihadhari zaidi na visa vinavyosimuliwa kwa ulaini mno. Kila mtu husimulia kwamba Hepburn, alipokutana na Spencer Tracy mara ya kwanza, alisema kuwa huenda yeye ni mrefu mno kwake, na mtayarishaji Joseph Mankiewicz akajibu kwamba Tracy atampunguza hadi afike kimo chake. Maneno hayo yana matoleo kadhaa, na katika baadhi yake ni Tracy mwenyewe anayejibu. Kisa cha namna hiyo kifurahie kama unavyofurahia ngano, lakini usikifanye kuwa nguzo ya hoja yako.

Kuna hata kitabu kilichovunja urafiki. Garson Kanin, yule yule aliyeshirikiana katika mpango wa Judy Holliday, alichapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu Tracy na Hepburn. Tracy alikuwa na mke, Louise, ambaye hakuwahi kumtaliki, na Hepburn alikuwa ameuweka uhusiano wao wa kimapenzi mbali na macho ya watu. Alikasirika na kujitenga na Kanin kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe hakulizungumzia jambo hilo waziwazi mpaka baada ya Louise kufariki mwaka 1983. Mimi hukisoma kitabu cha Kanin, lakini hukisoma nikijua kwamba kila ukurasa wake ulilipiwa na mtu mwingine.

Kwa Tracy, usijaribu kuzitazama filamu zote 9 kwa mfululizo; baadhi yake, kusema kweli, ni za kawaida. Chagua tatu: Woman of the Year ya mwaka 1942, ambamo bado wanapimana, Adam's Rib, ambamo wanakatizana maneno kama watu waliooana miaka 20, na Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967. Kuhusu hii ya mwisho, jua kwanza hali ilivyokuwa. Moyo wa Tracy ulikuwa umedhoofika kiasi kwamba hakuna bima iliyokubali kumkinga, kwa hiyo Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka malipo yao wenyewe kuwa dhamana. Tracy aliweza kufanya kazi saa chache tu kwa siku. Alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kupigwa picha. Hepburn hakwenda mazishini, kwa heshima ya familia ya marehemu, na alisema kwamba hakuwahi kuitazama filamu hiyo ilipokamilika.

Mwishoni mwake Tracy anatoa hotuba ndefu kuhusu mapenzi ya ujanani na mapenzi ya uzee. Usimtazame yeye. Mtazame Hepburn aliye nyuma yake, anayesikiliza tu, macho yamemjaa machozi. Anayo filamu yenye mabishano makubwa zaidi na yenye vicheko zaidi, lakini kwangu hakuna dakika katika miaka yake yote ya kazi inayozidi hizo ambazo hakupewa neno la kusema. Kwa filamu hiyo alipata Oscar yake ya pili.

Kumbuka pia kwamba marafiki hawa walijuana nje ya orodha za waigizaji. Bogart alipokuwa akifa kwa saratani, Tracy na Hepburn walikuwa wakimtembelea nyumbani jioni baada ya jioni, na walikuwa miongoni mwa wageni wake wa mwisho kabla hajafariki tarehe 14 Januari 1957. Bacall alimwomba Tracy atoe hotuba ya maziko. Tracy hakuweza, akaelemewa na huzuni, ndipo Huston akaitoa. Ukirudi kuitazama The African Queen baada ya kuyajua haya, anza na maonyesho ambayo Hepburn na Bogart wamekaa kimya mashuani.

Maliza na On Golden Pond ya mwaka 1981. Hepburn na Henry Fonda walikuwa wamefanya kazi Hollywood kwa zaidi ya miaka 40, na walikuwa hawajawahi kukutana mpaka filamu hiyo. Siku ya kwanza ya kazi, kando ya ziwa Squam katika jimbo la New Hampshire, Hepburn alimletea Fonda kofia kuukuu iliyokuwa ya Spencer Tracy. Fonda aliivaa katika filamu. Kazi ilipokwisha alichora picha ya kofia tatu alizovaa humo, ya Tracy ikiwa mojawapo, akampa Hepburn zawadi, na mwaka 1982 akafariki. Unapoitazama filamu hiyo weka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, na kila Fonda anapotoka nje kwenda ziwani, angalia amevaa nini kichwani.